Mitundu imechipua Septemba na mvua bado: maji inayatoa wapi, na visiki nikate lini?

#1 Uyui_Shambani

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua miti ya asili.

Eneo liko Tabora. Juu ni kichanga, ukichimba kama mita moja unakutana na changarawe nyekundu iliyoshikana. Mvua ya mwisho ya maana ilikuwa Aprili. Sasa ni katikati ya Septemba, nyasi ni makapi, kisima kifupi kimebaki tope, lakini mitundu (miti ya miombo, jamii ya Brachystegia) imevaa majani mapya mekundu kana kwamba imenyeshewa jana.

Maji hayo inayatoa wapi? Na je, ni kweli kwamba mitundu ikiwa myekundu basi mvua iko karibu na mtu anaweza kuanza kupanda? Nina visiki vingi vyenye machipukizi nataka kuvipunguza, na miti kadhaa ya kukata kwa ajili ya nguzo. Mwezi upi unafaa ili visiki visife? Mwisho, miche ya mninga inayojiotea yenyewe inakauka kila kiangazi. Ni ugonjwa au ndivyo ilivyo?

---

#2 Mzee_wa_Miombo

Mkuu, kwanza tuache lile wazo kwamba mti hungoja mvua. Mti hungoja maji yafike kwenye chipukizi, na hayo si lazima yawe yameanguka juzi.

Fuata mwaka wake. Mvua zikikatika, tabaka la juu la udongo, lile la nyasi, hukauka ndani ya wiki chache. Chini ya mita moja na nusu hadi kadhaa kunabaki unyevu wa masika, na mizizi ya mtundu hupenya kwenye nyufa za hiyo changarawe yako kuufuata. Tatizo ni kwamba mti wenye majani unapoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vya majani, yaani stomata, na kasi ya kupoteza inazidi kasi ya kuvuta kutoka chini. Kufikia Julai au Agosti hesabu haikai sawa. Mti unarudisha ndani naitrojeni na fosforasi iliyokuwa kwenye majani, unaziba kikonyo kwa tabaka la seli za gome, na jani linaanguka.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Jani likishaanguka, matumizi yanakwama lakini mizizi ya chini haijaacha kuvuta. Maji yanapanda polepole na kujaza shina upya, kama pipa lililofungwa bomba la kutolea huku la kuingizia likiendelea kudondosha. Baada ya wiki chache shinikizo kwenye matawi linatosha kuvimbisha vichomozo. Kwa hiyo kupukutika ndiko kunakouwezesha mti kuchipua, hata kama tone halijaanguka.

Nani anaupa ishara? Zaidi ni joto linalopanda kipupwe kikiisha. Mchana nao unarefuka, lakini Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta na tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka ni takriban nusu saa tu. Mawingu hayahusiki. Ndiyo maana jibu la swali lako la pili ni hapana. Wekundu wa mtundu unakwambia baridi imekwisha. Mwaka ambao mvua itachelewa hadi Desemba, mtundu utakuwa mwekundu Septemba vilevile. Anayepanda mahindi kwa kuangalia majani yale anatupa mbegu.

Kuhusu rangi: chuma jani moja changa ulitazame. Linaning'inia chini kama kitambaa kilichotoka kufuliwa, laini, na jua la saa sita linalipiga kwa ukingo badala ya uso. Wekundu ni antosianini, rangi ya asili ya mimea. Klorofili, ile rangi ya kijani, bado haijajengeka, na rangi ile husaidia kulikinga jani na mwanga mkali ambao halijaweza kuutumia. Stomata nazo hazijaanza kazi sawasawa, kwa hiyo jani hilo halinyonyi maji mengi kama unavyodhani. Wiki mbili tatu baadaye linakakamaa, linakuwa kijani, na hapo ndipo mti unaanza kulipa gharama kamili ya maji.

Faida ya kuwahi? Mvua ya kwanza ikiloweka udongo mkavu, vijidudu vinaamka na naitrojeni inafumuka kwa siku chache kisha inapungua. H. F. Birch alilieleza hilo mwaka 1958 akiwa Muguga, Kenya. Mti uliokwisha kuwa na majani na mizizi hai unaipokea wakati nyasi bado zinajinyoosha.

---

#3 Fundi_Viriba

Nijibu la mninga peke yake.

Si ugonjwa. Mche wa mninga, Pterocarpus angolensis, hukauka sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, wakati mwingine inafika kumi, na masika unachipua tena kutoka shingo ya mzizi. Kinachokua miaka yote hiyo ni mzizi. Unanenepa kama muhogo mdogo na kujaza wanga. Siku akiba ikitosha, mche unapandisha kishina kimoja kwa kasi, kinavuka kimo cha moto wa nyasi, na hakifi tena.

Ukitaka kuhakikisha, fukua taratibu kwa kidole au kijiti pembeni mwa mche uliokauka, sentimita tano hivi. Kwangua mzizi kwa ukucha. Ukiona unyevu na rangi ya krimu, upo hai. Ukiwa kahawia na unavunjika mkavu, ndiyo umekufa.

Makosa yanayoua mininga michanga ni mawili: jembe linalofuta "kikavu" wakati wa kusafisha shamba, na moto wa Septemba au Oktoba unaopiga shingo ya mzizi. Weka kigingi pembeni ya kila mche sasa ukiwa bado unaukumbuka, maana Desemba utakuwa umefunikwa na nyasi. Na usihangaike kuumwagilia kiangazi ili ubaki na majani. Ukiumwagilia juujuu unaufundisha mzizi kukaa juu.

---

#4 NyikaDom

Naongezea, na kupinga kidogo. Huku Dodoma hadithi ni nyingine. Hatuna mvua ya milimita 900 kama nyinyi. Mbuyu unakaa mtupu miezi mingi na unaishi kwa tanki lake la shina, kila siku unakunywa kidogo kidogo mpaka mvua. Kwa hiyo suala la mizizi mirefu halihusu miti yote.

---

#5 Mzee_wa_Miombo

NyikaDom, nusu ya hoja yako ni sahihi: miti haina mbinu moja. Ila ile ya tanki la kila siku siyo.

Shina la mbuyu kweli ni maji matupu, mbao yake ni laini na sehemu kubwa ya ujazo wake ni maji. Lakini mibuyu ilipopimwa, Madagaska, ilionekana kwamba maji ya shina hutumika hasa kutoa majani mapya kabla tu ya mvua, na shina husinyaa kidogo kipindi hicho. Majani hayo mapya hufunga stomata zake hadi mvua inyeshe. Kwa matumizi ya kila siku mti hautegemei tanki. Sababu mojawapo ni ya kiufundi: ile mbao laini inasimama wima kwa sababu seli zake zimejaa. Ukiyatoa maji mengi, jengo lenyewe linalegea. Mbuyu unapita kiangazi kwa kutotumia. Majani hakuna, na chini ya ngozi ya nje ya gome kuna utando wa kijani (kwangua kidogo utauona) unaoweza kutengeneza chakula kidogo bila majani.

Commiphora (jamii ya miti ya manemane) za huko kwenu nazo zina gome linalobanduka kama karatasi na kijani chini yake. Tofauti ni kwamba zenyewe huvaa na kuvua haraka: mvua ikinyesha zimevaa, mvua ikikatika zimevua. Migunga ya Vachellia tortilis ina mbinu ya tatu, vijani vidogo mno visivyopata joto sana, na mizizi ya juu iliyotandaa mbali pamoja na mzizi wa kwenda chini. Kwa miti hiyo, kaskazini mwa Tanzania, imeonekana pia kwamba usiku maji huvutwa na mizizi ya chini yakavuja kwenye udongo wa juu.

Na kabla hatujasahau mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi. Kwenye udongo mweusi unaopasuka, mti una shida mbili zinazopokezana: masika mizizi inazama na kukosa hewa, kiangazi udongo unasinyaa, nyufa zinafunguka na kuikata mizizi midogo. Mtundu hauwezi hayo. Ndiyo maana ukishuka kutoka mlimani kwenda mbugani miombo inakatika ghafla kama imepigwa mstari, na unabaki na migunga ya miiba yenye vinundu vya sisimizi.

---

#6 Uyui_Shambani

Shukrani sana wakuu. Nimefukua miche minne ya mninga, mitatu ina unyevu. Nimeweka vigingi.

Swali dogo la pembeni: mkababu, Faidherbia albida, mbona unafanya kinyume? Pembeni ya mto kuna miwili, sasa hivi imefunga majani na masika inabaki mifupa. Inafaa kwenye mahindi?

---

#7 Fundi_Viriba

Inafaa sana, kwa sababu hiyohiyo. Masika haina majani, basi mahindi yanapata jua. Majani yanayoanguka mwanzo wa mvua yanaoza shambani. Kiangazi mifugo inapata kivuli na maganda ya kula. Mzizi wake mkuu umeripotiwa kufika zaidi ya mita 30, unafuata maji yaliyo chini kabisa, kwa hiyo ratiba ya mvua haiuhusu sana. Lakini soma hapo: pembeni ya mto. Ukiupanda mahali ambapo maji ya ardhini hayafikiki, utaishi kwa kudumaa. Na miche michanga mara nyingi hubaki na majani hata masika, mtindo wa kupindua msimu huja baadaye. Usiukate kwa kudhani umepewa mbegu siyo.

Utaratibu wa kitalu:

Mbegu zina ganda gumu. Chemsha maji ujazo mara kumi ya mbegu, *epua jikoni kwanza*, ndipo utumbukize mbegu, uziache zipoe humo hadi kesho yake. Zilizovimba panda siku hiyohiyo. Ambazo hazikuvimba, kata kipande kidogo cha ganda kwa kikata kucha upande wa mbali na kitovu cha mbegu, uloweke tena. Kuchemsha mbegu zikiwa juu ya moto ni kuzipika. Hilo ndilo kosa namba moja.

Viriba (mifuko ya kuoteshea miche) viwe virefu, sentimita 30 kama unavipata, maana mzizi mkuu unakimbia kuliko shina. Kwenye kiriba kifupi unajikunja chini kama mkia wa kinyonga, na mche ukihamishiwa shambani haunyooki tena. Utauona unakwenda vizuri miaka miwili kisha unakwama au kulala upepo ukivuma. Kila baada ya wiki mbili tatu nyanyua viriba na kata mizizi inayochungulia. Miezi mitatu inatosha kitaluni. Hesabu kurudi nyuma: kama mvua zako hukaa sawa mwanzoni mwa Desemba, mbegu ziingie kwenye viriba mwishoni mwa Agosti. Kwa mwaka huu umechelewa kidogo, lakini unaweza kupanda mbegu iliyotayarishwa moja kwa moja shambani udongo ukiloa vizuri, mbili kwa shimo, palizi ya uhakika mita moja kuzunguka.

Nafasi mita 10 kwa 10, ni miti 100 kwa hekta au kama 40 kwa ekari. Ikikua unapunguza.

Kinyume chake, usiitendee mbegu ya mtundu hivi. Haina usingizi, inaota kwa mvua ya kwanza. Shida yake ni nyingine: mizizi yake inaishi kwa ushirika na fangasi, hao hao wanaotoa uyoga mnaookota Desemba. Kwenye udongo wa kitalu wasipokuwepo, mche unakuwa wa njano na kusimama kwenye majani manne. Changanya ndoo moja ya udongo wa juu kutoka chini ya mtundu mkubwa kwa ndoo nne au tano za udongo wako. Ila kusema kweli, mwenye visiki hai hahitaji kitalu cha mitundu.

---

#8 Kisiki_Hai_Mdau

Naam, tufike kwenye visiki, ndilo swali lenye madhara.

Akiba ya wanga kwenye mizizi ina majira yake. Inajaa kuanzia katikati ya masika hadi majani yanapozeeka, Februari mpaka Juni hivi. Inakaa imejaa wakati mti hauna majani. Halafu inatumika kwa mkupuo kutengeneza majani mapya, na inakuwa chini kabisa majani mapya yakiwa yametimia lakini hayajaanza kurudisha faida. Kwako wewe hicho ndicho kipindi cha mwisho wa Septemba hadi Novemba. Ukikata nguzo sasa, unakata mti uliotoka kulipa gharama zote na haujapokea kitu. Kisiki kitachipua vijiti dhaifu au hakitachipua kabisa. Nguzo zako ngoja Julai au mapema Agosti mwakani, majani yakishaanguka na vichomozo havijavimba.

Ukikata: msumeno au panga kali, kimo cha sentimita 15 hadi 30, uso ulalie upande mmoja ili maji yasituame, na gome lisibanduke kwenye ukingo. Gome lililobanduka ndiko machipukizi yangetokea. Miti minene sana na mizee huchipua vibaya, iache isimame iwe ya mbegu na ya nyuki.

Kupunguza machipukizi kwenye visiki vya zamani ni kazi nyepesi kuliko kukata mti mzima, lakini nayo ifanye majani yakiwa yameanguka. Acha mawili au matatu kwa kisiki. Chagua yaliyotoka chini kabisa, usawa wa udongo. Yale yaliyotoka juu kwenye kingo za kisiki yameshikiliwa na gome tu, yakifika unene wa mkono upepo unayang'oa na kipande. Yanayobaki yaachie majani nusu ya juu, pogoa nusu ya chini tu. Watu hupogoa mpaka kibaki kishungi kama ufagio, kisha wanashangaa fimbo imepinda masika. Kata kwa kupandisha panga kutoka chini kwenda juu, ukikata kwa kushusha unachana gome la shina. Matawi uliyokata tandaza kuzunguka kisiki, mbuzi wanapata shida kukifikia.

Halafu moto. Kama lazima kuchoma, ni Mei hadi Juni nyasi zikiwa bado na ubichi, jioni, upepo ukitulia. Moto wa Septemba na Oktoba unapata nyasi kavu kabisa na mti uliotoka kutoa majani. Kule Ndola, Zambia, viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933 vilionyesha wazi: vilivyochomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka viligeuka nyasi, na vilivyokingwa vikazidi kufunga msitu. Lima mkanda wa mita tatu hadi tano kuzunguka eneo mwezi Mei, si Agosti ukiona moshi kwa jirani.

---

#9 Uyui_Shambani

Mkuu umenigusa. Moto uliingia upande wa kaskazini juzi kutoka kwa jirani. Machipukizi ya kimo cha mita moja hadi mbili, majani mekundu yamebabuka yote. Niyakate chini ili yaanze upya?

---

#10 Kisiki_Hai_Mdau

Usiguse panga.

Hujui bado kipi kimekufa. Majani kubabuka ni jambo moja, gome kuiva ni jingine. Subiri wiki tatu nne baada ya mvua kushika. Kisha kwangua kila chipukizi kwa ukucha kuanzia juu kushuka: sentimita chache, ruka, kwangua tena. Penye kahawia kavu pamekufa, ukifika kwenye kijani chenye majimaji ndipo uhai unapoanzia. Machipukizi yenye unene wa kidole gumba kwenda juu mengi yatatoa majani tena kwenye kishina. Membamba yatakufa hadi chini na kutoa mapya kutoka shingo ya mzizi.

Ukikata sasa, unalazimisha kisiki kianze tangu chini kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, na akiba kama nilivyosema iko sakafuni. Acha kila kitakachotoka masika haya kitoke, hata kama ni vichipukizi kumi na tano kwa kisiki. Majani ndiyo yanayorudisha wanga. Zuia mbuzi upande huo hadi Machi. Kuchagua mawili matatu ya kubaki ni kazi ya Julai ijayo, na vile vijiti vikavu vilivyosimama viache kwanza, vinawapa mifugo taabu kufikia machanga.